Cousteau: Mzamiaji aliyeanzia mtoni, akajifunga goli

Shabiki wa Themi anayekwenda kuangalia mechi Sheikh Amri Abeid anaujua ubaridi wa Mto Themi, maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru. Mwambie kwamba kifaa wanachozamia watalii kule Pemba na Mafia kilijaribiwa kwanza mtoni, tena wakati wa baridi, atadhani unamtania. Ndivyo ilivyokuwa.

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa Ufaransa mwaka 1910. Alikuwa mwanajeshi wa majini, na ndoto yake ilikuwa kurusha ndege. Mwaka 1936 akapata ajali ya gari, mikono ikavunjika. Ndoto ikafa, kama winga anayeumia goti kabla ligi haijaanza. Akawa anaogelea baharini kule Toulon ili mikono ipate nguvu. Rafiki akampa miwani ya majini, akachungulia chini. Basi, akanasa.

Januari 1943, akiwa na kifaa alichounda pamoja na mhandisi Émile Gagnan, aliingia Mto Marne karibu na Paris. Akilala, hewa inakuja vizuri. Akisimama, inavuja. Akiinamisha kichwa, inakaba. Wakarekebisha, na Juni mwaka huohuo kikafanya kazi safi kwenye bahari ya Mediterania.

Baada ya hapo jamaa hakushikika. Kwa meli yake Calypso alizamia Bahari ya Shamu yenye joto, Bahari ya Hindi na hata Antaktika, ambako maji hukaribia nyuzi 2 chini ya sifuri. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, hivyo suti hubadilishwa kufuata maji, kama viatu hubadilishwa kufuata uwanja. Mwaka 1963 watu wake waliishi mwezi mzima chini ya bahari, pwani ya Sudan.

Doa analo. Filamu yake, The Silent World, ilibeba tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Lakini humo kikosi chake kinalipua matumbawe kwa baruti ili kihesabu samaki, na kinaua papa kwa hasira. Watu wa Tanga wanaijua baruti inavyoacha bahari tupu. Hapo shabiki wake hana utetezi.

Ila alibadilika. Mwaka 1960 alipinga taka za nyuklia kutupwa baharini, na mwaka 1973 akaanzisha taasisi ya kulinda bahari. Mwaka 1979 mwanawe Philippe, aliyekuwa akifanya naye kazi, alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Lisbon. Mzee akazika, akarudi kazini.

Alifariki Juni 25, 1997 jijini Paris, akiwa na miaka 87. Goli la kujifunga halifutwi kwenye rekodi. Cousteau alijifunga mapema, akatumia dakika zote zilizobaki kutafuta la kusawazisha.