Maurice Stokes: Misimu Mitatu na Miaka Kumi na Miwili

Marehemu Maurice Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni 1933 huko Rankin, mji mdogo karibu na Pittsburgh nchini Marekani. Babake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Kijana huyo mweusi alijiunga na chuo cha Mtakatifu Francis mjini Loretto, chuo ambacho wapenzi wengi wa mpira wa vikapu hawakuwa wamekisikia mpaka alipokivumisha yeye.

Mnamo 1955 alichaguliwa na timu ya Rochester Royals. Ilikuwa miaka mitano tu tangu ligi ya NBA ifungue milango yake kwa wachezaji weusi. Wakati huo mtu wa kimo cha mita mbili na uzani wa zaidi ya kilo 100 alitarajiwa kusimama chini ya kikapu na kusukumana. Stokes alisukumana, lakini pia aliuendesha mpira na kuwagawia wenzake pasi kama mchezaji mfupi mwepesi. Alitunukiwa tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa msimu wake wa kwanza. Katika msimu wa pili alidaka mipira 1,256 iliyokosa kikapu, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na yeyote katika ligi hiyo. Msimu wa tatu timu ilikuwa imehamia Cincinnati, naye alikuwa ndiye mhimili wake.

Tarehe 12 Machi 1958, katika mechi iliyochezewa Minneapolis, Stokes alianguka akagonga kichwa sakafuni, akazirai. Alinusishwa dawa, akazinduka, akarudishwa uwanjani. Leo mchezaji wa aina hiyo angepelekwa hospitalini moja kwa moja. Siku hizo kuzirai kulihesabiwa kama jambo la kupita. Siku tatu baadaye alicheza tena dhidi ya Detroit. Ndani ya ndege, wakirejea nyumbani, alishikwa na kifafa na kupoteza fahamu. Fahamu ziliporudi, mwili ulikuwa umepooza, wala hakuweza kusema. Akili ilikuwa timamu.

Mshahara ulikoma. Ligi haikuwa na mpango wa pensheni, na gharama za hospitali zilipanda kila siku. Aliyejitokeza ni Jack Twyman, mchezaji mwenzake mzungu, kijana wa miaka 23 aliyekuwa na familia yake mwenyewe. Twyman aliomba mahakamani awe mlezi wake wa kisheria ili aweze kusimamia fedha na matibabu yake, kisha akampigania mpaka akapata fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Ikumbukwe kwamba hii ilikuwa Marekani ya ubaguzi wa rangi.

Mazungumzo yao ya kwanza yalikuwa ya kope. Twyman alitaja herufi za alfabeti moja moja, na Stokes alipepesa jicho herufi aliyoitaka ilipofika, hata neno likatimia. Miaka ya mazoezi ilifuata, na polepole alipata tena uwezo wa kusema maneno machache na kupiga taipu. Kila kiangazi Twyman aliandaa mechi ya hisani kwenye hoteli ya Kutsher's, katika milima ya Catskill, ambako mabingwa kama Wilt Chamberlain walicheza bila malipo. Ajabu ni kwamba mzigo huu haukumpunguzia Twyman makali: msimu wa 1959/60 alifunga wastani wa zaidi ya alama 31 kwa mechi.

Stokes alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 6 Aprili 1970, akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa Loretto. Alipoingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa vikapu mwaka 2004, miaka 21 baada ya Twyman, ni Twyman aliyepanda jukwaani kumpokelea heshima hiyo. Naye aliaga dunia mwaka 2012. Mwaka uliofuata, NBA ilianzisha tuzo ya mchezaji anayewafaa wenzake, ikaipa majina ya wote wawili.