Léo Valentin: Kati ya Kuanguka na Kuruka

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuruka, kwa mtoto anayevuka mtaro na kwa ndege aliye angani. Kifaransa hutenganisha mambo hayo: sauter kwa mtoto, voler kwa ndege. Léo Valentin, Mfaransa aliyefariki mwaka 1956, alitumia miaka yake ya mwisho akitaka kuvuka mpaka ulio kati ya vitenzi hivyo viwili. Wengi wanaomkumbuka humkumbuka kwa mbawa zake na kwa kifo chake. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Valentin alifundisha watu namna ya kuanguka, na mashindano ya parachuti ya leo yamesimama juu ya somo hilo.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1919 huko Épinal, mji wa mashariki mwa Ufaransa. Tangu ujana alipenda ndege: aliunda ndege ndogo za kuchezea na kuzurura kwenye uwanja wa ndege wa kwao. Alitamani kuwa rubani wa kivita, lakini njia ya urubani ilikuwa ndefu, naye akaona kwamba kwa parachuti angefika angani upesi zaidi. Kwa wazee wetu wa Kisangani na Kolwezi, parachuti hukumbusha askari walioshuka kutoka angani mwaka 1964 na mwaka 1978. Valentin naye aliingia kwa mlango huohuo wa jeshi. Alifunzwa Baraki, nchini Algeria, kisha akawa mkufunzi Moroko. Baadaye alivuka hadi Uingereza, akajiunga na Wafaransa waliokuwa wakijiandaa kurudi kuikomboa nchi yao. Mwaka 1944 alishushwa kwa parachuti Ufaransa, akapigana, akajeruhiwa mkono.

Vita vilipokwisha, alibaki jeshini akiwa mkufunzi, na hapo ndipo alipokabiliana na swali lililowasumbua warukaji wote wa wakati ule. Mtu aliyeruka na kuchelewa kufungua parachuti yake alikuwa akipinduka ovyo. Wengine walizunguka kama pia hadi kichwa kikajaa damu na fahamu zikapotea. Tena, parachuti ikifunguliwa mwili ukiwa unazunguka, kamba zaweza kumzinga mrukaji mwenyewe. Hivyo kuanguka huru kulionekana kuwa ni bahati nasibu.

Valentin alitafuta jibu katika mwili wenyewe. Aliruka mara nyingi, akibadilisha namna ya kushika mikono na miguu, mpaka akapata mkao uliotulia: tumbo kuelekea chini, mgongo umepinda, kichwa kimeinuliwa, mikono na miguu imetandazwa. Sababu yake si ngumu kuielewa. Nyonga, zenye uzito mkubwa, hutangulia chini, na upepo huisukuma mikono na miguu kwenda juu. Mwili unakuwa kama bakuli linaloanguka kitako kikiwa chini: likiyumba, hewa yenyewe hulirudisha mahali pake. Mtu akishatulia hivyo, akiinamisha upande mmoja wa mwili kidogo, anageuka. Akirudisha, anasimamisha mgeuko. Mkao huo ukapewa jina lake.

Mwaka 1948 alionyesha maana ya ugunduzi huo. Aliruka kutoka mita 6,000 hivi bila kifaa cha kupumulia, akaanguka zaidi ya mita 4,700 kabla ya kufungua parachuti. Ilikuwa rekodi. Baada ya hapo akaweka nyingine ya kuanguka usiku.

Miaka mitatu baadaye mchezo ulipata uwanja wake rasmi. Mwaka 1951 mataifa matano yalikutana Bled, nchini Yugoslavia, kwa mashindano ya kwanza ya dunia ya parachuti, na Mfaransa Pierre Lard akashinda kwa upande wa wanaume. Hapo mwanzo jambo kuu lilikuwa kutua karibu na alama iliyowekwa chini. Baadaye likaongezwa shindano la mitindo: mrukaji, akiwa bado anaanguka, hufanya migeuko minne kamili na mapinduko mawili ya nyuma kwa muda mfupi iwezekanavyo. Wanaume hodari humaliza yote kwa takribani sekunde 6. Shindano kama hilo lisingewezekana bila mtu kuweza kutulia hewani na kuanza na kukoma apendapo. Vivyo hivyo timu za watu wanne au wanane wanaoshikana angani na kuachana kwa mpangilio: kila mmoja wao alianza kwa kujifunza kupinda mgongo.

Valentin hakufuata njia hiyo ya medali. Alipoacha jeshi, aliishi kwa maonyesho ya anga, na umati ulilipa kuona jambo jipya. Zaidi ya riziki, ile ndoto ya utotoni ilikuwa haijamtoka. Alijua hatari yake, kwani mwaka 1937 Mmarekani Clem Sohn, aliyetumia mbawa za kitambaa, alikufa Vincennes mbele ya watazamaji. Hata hivyo Valentin alianza na mbawa za turubai mwaka 1950; upepo ukazishinda. Akageukia mbawa za mbao zisizokunjika. Tarehe 13 Mei 1954 alifanikiwa kuteleza nazo hewani badala ya kushuka wima tu.

Tarehe 21 Mei 1956 aliruka Speke, karibu na Liverpool, mbele ya watu wapatao 100,000. Alipokuwa akitoka, ubawa mmoja uligonga ndege na kipande chake kikavunjika. Akaanza kuzunguka. Alifungua parachuti, ikajisokota; akafungua ya akiba, nayo ikazongwa. Aliuawa na hatari ileile ambayo mkao wake ulikuwa umewaondolea wengine: mbao alizofungwa mgongoni zilimnyima uwezo wa kutumia mwili wake mwenyewe.

Ndoto yake ya pili haikuzikwa naye. Katika miaka ya 1990 Mfaransa mwingine, Patrick de Gayardon, alitengeneza vazi lenye mbawa za kitambaa zinazojaa hewa kati ya mikono na miguu. Naye alifariki mwaka 1998 akilifanyia majaribio. Mwaka 2016, miaka 60 baada ya Speke, mavazi ya aina hiyo yalipata mashindano yao ya dunia. Hupimwa umbali, muda na kasi, na mshindani, kabla ya kutua, bado hufungua parachuti.