Mugeni Aliyekataa Kisasi: Maisha ya Apolo Kivebulaya



Katika masomo tulisikia habari za Ulysse, ambaye Homère wa Wagiriki alimuimba zamani. Katika hadithi ile mugeni ni mutu wa heshima: anapewa maji na chakula, kiisha ndipo anaulizwa jina. Lakini Ulysse alipofika kwake, amevaa kama mwombaji, alikuta watu wanakula mali yake, nao wakamutupia kiti. Akawaua wote. Jamaa za waliokufa nao wakasimama ili walipe kisasi, na haikuisha mpaka Athena, mungu wao wa kike, alipoikataza.

Sisi huku Ituri tulipata mugeni wa namna nyingine.

Apolo alizaliwa Buganda karibu na mwaka wa 1864. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Katika ujana alikuwa askari. Alibatizwa mwaka wa 1895. Watu walimuita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, juu ya koti lake jekundu.

Mwaka wa 1896 alifika Mboga, ngʼambo hii ya muto Semliki. Walimu wawili waliomutangulia walikuwa wamekwisha kurudi, maana mukubwa Tabaro hakutaka kuwapa chakula. Fikiri, mugeni kuachwa na njaa! Apolo yeye akakaa. Alipohubiri juu ya pombe na juu ya kuoa wake wengi, Tabaro akakasirika sana, na Apolo akapigwa.

Mwaka wa 1898 dada ya Tabaro alianguka juu ya mukuki, akafa. Ilikuwa bahati mbaya tu, lakini Apolo ndiye aliyeshitakiwa kwamba ameua. Akafungwa minyororo, akapelekwa Toro kwa Waingereza, akatiwa gerezani. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika taabu ile alimuona Yesu akingʼaa kama jua, akimutia moyo ahubiri.

Alipofunguliwa, njia ya kurudi kwao Buganda ilikuwa wazi. Nani angemulaumu? Lakini alirudi Mboga, kwa watu walewale. Hakurudi kulipa, alirudi kufundisha. Na mwisho Tabaro mwenyewe akatubu, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo akawa kasisi mwaka wa 1903. Tangu 1921 aliingia katika pori kuwahubiri Bambuti, watu ambao wengi waliwazarau. Yeye aliketi nao kama ndugu. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa pori la Congo, si mashariki kama ilivyokuwa desturi. Hata katika kaburi hakutaka kutazama nyuma.

Ndugu zangu, tazameni. Kisasi cha Ulysse kilizaa kisasi kingine. Kisasi cha Apolo hakikuzaliwa kabisa, na adui akawa ndugu.

Maneno haya si ya vitabu tu. Vita ilipofika hapa Mambasa mwaka wa 2002, wengi walikimbilia upande wa Beni, wakawa wageni mikononi mwa watu wasiowajua. Basi, mutoto mupya akiingia katika dortoir yetu, hata kama anatoka kwa kabila tuliloambiwa tulichukie, tumupe kitanda na chakula kwanza. Jina tutamuuliza kiisha.