Maisha ya Marc-Vivien Foé

Hapa Moshi wanafunzi wengi hupenda mpira, na wengine hujizoeza mbio katika njia za mlimani. Basi yafaa tuyajue maisha ya mchezaji mmoja hodari aliyefia uwanjani, maana kifo chake kina mafunzo kwetu sote.

Marc-Vivien Foé alizaliwa tarehe 1 Mei, 1975, huko Yaoundé, mji mkuu wa Kameruni. Alianza kujulikana katika timu ya Canon ya mji huo, akicheza katikati ya uwanja. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu na asiyechoka upesi. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 19, aliichezea nchi yake Kombe la Dunia huko Marekani. Kisha alikwenda Ufaransa katika timu ya Lens, ambayo ilipata ubingwa mwaka 1998. Mwaka huohuo alivunjika mguu, akalikosa Kombe la Dunia, lakini hakukata tamaa. Alicheza Uingereza, akarudi Ufaransa katika timu ya Lyon, tena akawa miongoni mwa waliotwaa Kombe la Afrika mwaka 2000 na mwaka 2002.

Tarehe 26 Juni, 2003, Kameruni ilipambana na Kolombia mjini Lyon, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72 Foé alianguka, wala hapana mtu aliyemgusa. Madaktari walijitahidi kumwokoa, wasiweze. Alifariki akiwa na miaka 28.

Maiti ilipochunguzwa ilionekana kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi. Msuli wa mkono ukinenepa twasema ni nguvu, lakini kwa moyo sivyo. Moyo ni pampu: ukuta wake ukiwa mnene mno, nafasi ya damu hupungua, na pengine njia ya kutokea damu husongwa. Tena mapigo yaweza kuvurugika ghafula, moyo ukatetemeka tu bila kusukuma damu.

Ugonjwa huu hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500, na mara nyingi hurithiwa. Wengi wenye nao huishi miaka mingi, na wengine hawaoni dalili yoyote. Lakini dalili zikitokea, zisidharauliwe. Nazo ni hizi: kuzimia wakati wa kukimbia au mara baada ya kukimbia, maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, kuishiwa pumzi kuliko wenzako, na moyo kwenda mbio au kurukaruka bila sababu. Pia, kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafula angali kijana, mwambieni daktari.

Mwanafunzi akianguka katika mbio, wengine husema ni mvivu, hakunywa chai, au ana mapepo. Kweli, njaa na jua huweza kumwangusha mtu. Lakini anayezimia akikimbia hana budi kupumzishwa michezo mpaka apimwe. Hospitali ya Mawenzi na KCMC hazipo mbali nasi. Daktari husikiliza moyo, hupima umeme wake, na huutazama kwa picha ya mawimbi ya sauti. Ugonjwa ukijulikana, ziko dawa, na wengine huwekewa chombo kifuani cha kurekebisha mapigo.

Na mtu akianguka, asiitike wala asipumue sawasawa, msimzunguke mkimtazama. Mmoja aite msaada, na mwingine amkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka msaada ufike.

Foé alikuwa na nguvu kuliko wengi wetu, lakini nguvu zake hazikuonyesha hali ya moyo wake. Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, ukiona dalili hizi usizifiche kwa kuogopa kuachwa katika timu. Mwambie mwalimu, mwambie mzazi. Nanyi wazazi na walimu, mwanafunzi akisema, msikilizeni.