Beryl Markham, Mama Aliyeisikiliza Injini

Najua wengi wenu mtashangaa kuona msichana wa kidato cha tatu amechukua kalamu kuandika habari za injini. Lakini ninyi mnaotembea kwa miguu kuja shule kama mimi mnajua vile huwa asubuhi hapa Migori. Ndege ndogo ikitoka Nairobi kuja kutua Lichota, kundi letu husimama barabarani na ubishi huanza kabla haijaonekana. Kuna mvulana mmoja darasani mwetu (jina silitaji) ambaye hufumba macho na kutaja aina ya ndege kwa kusikia tu. Yeye ni mtu wa Caravan, ile ambayo injini yake moja ya mbele hulia kwa mlio mwembamba kama filimbi kabla ngurumo yenyewe haijafika. Rafiki yake naye hushikilia kwamba hakuna mlio wa kupendeza kama ule wa injini za kizamani za silinda, zinazopiga tatatata kama mashine ya kusaga unga sokoni.

Siku moja nikatia neno langu. Nikaambiwa eti wasichana hawajui injini. Basi sikujibu. Nilienda kutafuta vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata kuhusu mama mmoja aliyekulia hapa hapa Kenya, na ambaye maisha yake usiku mmoja yalikuwa yananing'inia kwenye mlio wa injini.

Beryl Markham alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza. Wakati huo jina lake lilikuwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi, na alikuja nchi hii kutafuta shamba, akaishia Njoro. Beryl aliletwa akiwa na umri wa karibu miaka 4. Mama yake hakustahimili maisha ya huku. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na mtoto wa kike akabaki na baba. Tuseme ukweli pia, kwamba ardhi ya Njoro ilikuwa na wenyewe kabla walowezi hawajafika. Hilo halimo sana katika vitabu vinavyomsifu, lakini sisi tunalijua.

Kwa kuwa baba alikuwa na kazi nyingi, mtoto alilelewa zaidi na watu waliofanya kazi pale shambani. Alicheza na watoto wa Kikalenjin, akajifunza lugha yao na Kiswahili, akaenda kuwinda pamoja na mzee mmoja aliyeitwa arap Maina. Mwindaji hutumia masikio kabla ya macho. Nyasi ikivunjika, anajua ni mnyama gani na yuko upande upi. Mimi nadhani shule yake ya urubani ilianzia hapo, ingawa hakuna aliyekuwa anajua. Aliwahi pia kurukiwa na simba aliyefugwa na jirani yao, akapona. Arap Maina alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwanawe, Kibii, ambaye akikua aliitwa arap Ruta, alibaki rafiki na mfanyakazi wa Beryl kwa miaka mingi.

Ukame ulipomfilisi baba yake, mzee huyo aliondoka akaenda Peru kutafuta kazi ya farasi huko. Beryl alikataa kwenda. Alikuwa na umri wa miaka kama 18, akapata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamke alikuwa amelifanya hapa nchini. Mwaka 1926 farasi wake aliyeitwa Wise Child alishinda shindano kubwa la St Leger mjini Nairobi. Habari za farasi ni nyingi na tamu, lakini nikianza hapo sitafika kwa injini.

Sasa ndege. Mwaka 1929 mama mmoja aliyeitwa Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege Nairobi, Wilson Airways. Ndiyo, uwanja wa Wilson, ambako ndege zetu za Lichota hutoka, umepewa jina la mwanamke. (Yule mvulana hakuwa anajua hilo.) Rubani mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Tom Campbell Black, na ndiye aliyemfundisha Beryl kurusha ndege mwaka 1931, katika ndege ndogo iliyoitwa Gipsy Moth. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, rafiki yao Denys Finch Hatton alianguka na Gipsy Moth yake huko Voi, akafa pamoja na mtumishi wake. Beryl alikuwa karibu aende naye safari hiyo. Mtu mwingine angeacha. Yeye aliendelea na masomo, akapata leseni ya kwanza, na mwezi wa Aprili 1932 akaruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, akipitia Sudan na Misri. Mwaka 1933 akapata leseni ya kurusha ndege kwa malipo, mwanamke wa kwanza nchini kuwa nayo.

Hapa inafaa nieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaona uzito wa habari. Injini za siku hizo zilikuwa za silinda, kama za pikipiki zetu za bodaboda ila kubwa zaidi. Mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwamba katika injini ya namna hiyo kila silinda hulipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya silinda 4 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, milipuko ni 4,000. Ya silinda 6 ikizunguka vivyo hivyo, milipuko ni 6,000, yaani mara 100 kwa sekunde moja! Ndiyo maana ya silinda 4 husikika kama inapiga makofi, na ya silinda 6 mlio wake umeshikana kama wimbo. Ongeza hapo upepo unaokatwa na panga la mbele. Silinda moja ikikosa kulipuka, wimbo unachechemea, na rubani anasikia mara moja kabla hajaangalia saa yoyote ya mbele yake.

Ndege yake mwenyewe ilikuwa Avro Avian, ya silinda 4, injini moja tu. Kwa ndege hiyo alibeba barua, alibeba wagonjwa, na aliwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Usiku mmoja aliruka hadi Nungwe, mgodi wa dhahabu kusini mwa ziwa letu, upande wa Tanganyika, kumpelekea mgonjwa mtungi wa oksijeni. Taa za uwanja zilikuwa ni mioto iliyowashwa chini. Arap Ruta, aliyekuwa mtu wa farasi, naye alijifunza kutunza ndege. Huyu bwana magazeti ya ng'ambo hayakumwandika, lakini ndege haiendi angani bila mtu wa chini.

Sisi watu wa ziwa tusidhani tulikuwa gizani wakati huo. Kuanzia 1931 ndege za Imperial Airways zilikuwa zinatua Kisumu, na 1937 zikaja zile ndege kubwa za injini 4 ambazo zilitua juu ya maji ya ghuba ya Winam kama bata. Wavuvi wa Homa Bay wa zamani hizo lazima walisikia ngurumo hiyo.

Tukirudi kwa Beryl, mwaka 1936 alipata wazo ambalo wengi waliliona ni la kichaa. Alitaka kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi New York bila kutua. Amelia Earhart alikuwa amevuka mwaka 1932, lakini alitoka Amerika kwenda mashariki, upepo ukimsukuma mgongoni. Kwenda magharibi ni kupigana na upepo njia nzima, na hakuna mwanamke aliyekuwa amefaulu peke yake. Mlowezi mmoja wa Kenya, John Carberry, alimwazima ndege yake mpya, Percival Vega Gull, yenye injini ya Gipsy Six ya silinda 6 na nguvu za farasi 200. Ndani ya chumba yaliongezwa matangi ya mafuta. Redio haikuwepo. Rubani Jim Mollison, aliyewahi kuivuka bahari hiyo, alimwazima saa yake ya mkono.

Shida ni kwamba matangi hayo ya ndani hayakuwa na kipimo cha mafuta. Ili asipoteze hata tone, alishauriwa aache tangi moja likauke kabisa, injini izime, ndipo afungue koki ya tangi linalofuata. Hebu fikiria hiyo! Mjomba wangu ni mvuvi upande wa Homa Bay, na mwaka jana nilikuwa katika mashua yake injini ilipokunywa tone la mwisho la mtungi, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Yeye alitoa mpira kwenye mtungi ule akautia kwenye mwingine, akavuta kamba, ikawaka. Haikuchukua hata dakika. Lakini katika huo unyamavu nilisikia maji yakigonga ubao wa mashua, nikasikia moyo wangu, na ufuo ulikuwa mbali. Na sisi tulikuwa tunaelea. Ndege haielei.

Beryl aliruka kutoka Abingdon tarehe 4 Septemba 1936, karibu saa mbili usiku, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mvua ilinyesha, mawingu yalifunika kila kitu. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba saa chache baadaye, akiwa futi 2,000 juu ya bahari, tangi la kwanza lilikwisha. Injini ilikohoa ikanyamaza. Ndege ikaanza kushuka gizani, naye anapapasa na tochi kutafuta koki. Mikono inataka kuvuta usukani ili ndege isishuke, lakini ukivuta ndege inakosa mwendo na kuanguka kama jiwe. Kwa hiyo ilibidi aielekeze chini, kule kule anakoogopa, huku akifungua koki. Zilikuwa zimebaki futi mia chache tu injini ilipolipuka tena na wimbo ukarudi.

Wasomaji, ninyi mnaopenda mlio wa Caravan, mlio wa jeti, mlio wa nini, sidhani kuna mtu aliyewahi kuupenda mlio wa injini kuliko mama huyu dakika hiyo. Naye hakuusikia kama mtu wa barabarani anavyousikia, bali kama mtu anavyosikia pumzi yake mwenyewe.

Alfajiri ilimkuta bado angani. Baada ya saa nyingi aliona nchi kavu ya Newfoundland, akafurahi. Alikuwa kwenye tangi la mwisho, na kwa hesabu yake mafuta yalitosha kumfikisha. Kumbe barafu ilikuwa imeziba njia za hewa za tangi, na mafuta yakawa hayashuki vizuri. Injini ikaanza kukohoa. Akafunga koki, akafungua, akafunga, mpaka vidole vikaumia. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Namna hiyo, kwa kukohoa kohoa, alifika ufuo wa Cape Breton nchini Canada, mahali paitwapo Baleine Cove, akajaribu kutua. Alichodhani ni uwanja kilikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, ndege ikachomeka pua katika matope, naye akaumia kichwa. Alikuwa amekaa angani zaidi ya saa 20. Wavuvi wa hapo ndio waliomkuta.

Yeye aliona ameshindwa, kwa kuwa alikusudia New York. Wenzake hawakuona hivyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua, na New York ilimpokea kwa shangwe. Lakini furaha haikukaa. Tarehe 19 Septemba, wiki mbili tu baadaye, mwalimu wake Tom Campbell Black aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool, akiwa bado chini, ndege nyingine ilipogonga ndege yake. Mtu aliyemfundisha kuhusu hatari zote za angani alikufa magurudumu yakiwa ardhini.

Mwaka 1942, akiwa Marekani, alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho West with the Night. Kilisahaulika, kikachapishwa tena 1983, na safari hii kikasomwa sana. Wapo wanaodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Sina uwezo wa kuamua kesi hiyo, ila ninavyoona mimi, zile kurasa za koki na tochi zimetoka kwa mtu ambaye mkono wake ulikuwa hapo.

Alirudi Kenya, akarudia farasi wake, na farasi aliowafunza walishinda Kenya Derby mara kadhaa. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 83. Wanasayansi wa anga walilipa shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura jina la Markham, kwa heshima yake.

Kabla sijapeleka karatasi hii kwa mhariri nilimpa yule mvulana asome. Alisoma yote akiwa amesimama. Hakusema lolote kuhusu wasichana. Aliniuliza tu kama silinda za Gipsy Six zilikuwa zimeangalia juu kama za gari. Nikamjibu hapana, zilipangwa mstari mmoja, vichwa chini.