Elizabeth Packard

Elizabeth Parsons Ware Packard (28 Desemba 1816 – 25 Julai 1897) alikuwa mwandishi wa Marekani na mtetezi wa haki za wake na za wagonjwa wa akili.

Maisha

Alizaliwa Ware, Massachusetts, binti wa mchungaji. Mwaka 1839 aliolewa na mchungaji Theophilus Packard, Mkalvini mwenye msimamo mkali aliyemzidi umri kwa miaka 14. Walizaa watoto 6, na baadaye walihamia Manteno, jimbo la Illinois. Huko Elizabeth alianza kupinga waziwazi mafundisho ya mumewe, hata katika darasa la Biblia kanisani.

Sheria ya Illinois ya mwaka 1851 ilimruhusu mume kumpeleka mkewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili bila ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine, mradi mganga mkuu akubali. Daktari mmoja alikuja nyumbani akijifanya muuza cherehani, akazungumza naye, kisha akamtangaza mwendawazimu. Tarehe 18 Juni 1860 alipelekwa kwa nguvu Jacksonville, kwa Dk. Andrew McFarland. Daktari huyo aliyaamini maneno ya mume, na chuki ya mke kwa mumewe akaihesabu kuwa dalili ya ugonjwa. Hivyo kadiri mama huyo alivyolalamika, ndivyo alivyoonekana mgonjwa zaidi. Alipokemea jinsi wagonjwa walivyotendewa, alihamishiwa wodi ya waliozidiwa. Aliendelea kuandika kwa siri.

Mwaka 1863 aliruhusiwa kwa maelezo kwamba hatapona. Mumewe alimfungia chumbani, madirisha yakipigiliwa misumari. Barua aliyoipenyeza nje iliwafikia marafiki, na hakimu Charles Starr wa Kankakee akaamuru aletwe mahakamani. Dk. Duncanson, aliyezungumza naye kwa saa 3, alishuhudia kwamba ana akili timamu, ingawa hakukubaliana na mawazo yake yote ya dini. Januari 1864 jopo la raia 12 lilifikia uamuzi huohuo kwa dakika 7 tu. Aliporudi nyumbani, mume alikuwa ameondoka na watoto na mali, wala sheria haikumzuia.

Baada ya kesi

Alijikimu kwa kuuza vitabu vyake. Mwaka 1867 Illinois ilipitisha sheria ya kutaka kesi mbele ya jopo kabla ya mtu kufungiwa hospitalini. Wakuu wengi wa hospitali hizo waliipinga. Mwaka 1869 alirudishiwa watoto wake wadogo.

Mwaka 2023 hospitali ya akili ya Springfield, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la McFarland, ilipewa jina la Packard.