Mtoza Ushuru wa Ireland

Wikiendi iliyopita mimi na mwenzangu wa chumba tulichanga hela tukanunua wiski changa ya Ireland, ile ya bei ya mwanachuo. Laini, ina utamu wa vanila kwa mbali, halafu inapotea ulimini upesi. Nikamkumbuka Aeneas Coffey.

Jamaa huyu alikuwa mtoza ushuru, akiwasaka wapika pombe haramu, gongo ya kwao. Mwaka 1810 kule Donegal walimvamia, wakampasua fuvu na kumchoma singe. Akapona, akapanda cheo mpaka mkaguzi mkuu wa ushuru, na 1824 akaacha kazi. Sasa ona, mtu yuleyule akageukia kupika! Mwaka 1830 akasajili mtambo wa minara miwili, unaotoa pombe mfululizo kwa gharama ndogo.

Wakubwa wa Dublin waliukataa, eti pombe yake haina ladha. Waskoti wakauchukua, wakatajirika. Kuhusu ladha, mimi naona wakubwa hawakukosea sana. Ila chupa yetu, ya miaka mitatu tu pipani kama sheria inavyotaka, imechanganywa na pombe ya mtambo wa namna hiyo. Bila Coffey tusingeimudu.